Zamu na Kura: Je, Namba Yaweza Kutenda Haki?

Kuna maneno mawili ambayo sisi walimu huyatumia kila siku bila kuyapima, nayo ni zamu na kura. Tukitaka mtoto afute ubao twauliza, Leo ni zamu ya nani? Tukiwa na kitu kimoja, na wakitakao ni wengi, twasema, Haya, tupige kura. Maneno haya hutoka kinywani upesi, na watoto huyakubali upesi, hata sisi wenyewe tukadhani ya kuwa yote mawili ni majina ya haki. Mimi nilidhani hivyo miaka mingi, mpaka siku moja kura ikanifedhehesha mbele ya wazazi. Kwa hiyo naleta shauri hili kwa wasomaji wapenzi, tulipime pamoja.

Kwanza nieleze chombo nilichokitumia. Watu wengi siku hizi hutumia kompyuta kwa kugusa picha zilizo katika kioo chake. Lakini iko njia nyingine, iliyo ya zamani zaidi, nayo ni kuiandikia mashine amri katika mstari mmoja, nayo ikajibu kwa maandishi. Katika njia hiyo zimo programu ndogo ndogo nyingi, na kila moja ina kazi yake. Moja huitwa seq. Ukiandika seq 1 47, mashine itakuandikia namba tangu 1 hata 47, kila moja mstari wake, wala haitaruka hata moja. Ukiandika seq 1 2 47, itakwenda kwa hatua mbili mbili, yaani 1, 3, 5, hata ifike 47. Programu ya pili huitwa shuf. Ukiandika shuf -i 1-47 -n 16, itazichukua namba zile 47, itazichanganya kama mtu achanganyavyo karata, kisha itakupa 16 tu. Ukiirudia amri ile ile, zitatoka nyingine, na kwa mpangilio mwingine. Namba kama hizi huitwa namba za nasibu, maana hakuna awezaye kuzitabiri.

Iko na ya tatu, jina lake jot, iliyotoka pamoja na mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1983. Hiyo hufanya kazi zote mbili, ya mfuatano na ya nasibu; lakini ikitoa namba za nasibu yaweza kurudia namba moja mara mbili, kama dadu irudiavyo. Kwa kugawa vitu haifai peke yake, maana mtoto mmoja atapewa vitanda viwili na mwingine atalala chini. Mwalimu atakaye kupiga kura kwa kompyuta na aijue tofauti hiyo kwanza, asije akachekwa na wanafunzi wake.

Basi seq ni zamu, na shuf ni kura. Tuanze na zamu.

Hapa Mazinde, chini ya milima ya Usambara, hesabu ya mfuatano haikuletwa na kompyuta. Mkonge ulipoletwa katika nchi hii na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yakaenea katika uwanda wote huu, na baadaye wazee wetu wakafanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku mtu aliyoitimiza ilitiwa alama, na mshahara haukulipwa mpaka alama zote 30 zimetimia. Mtu aliyelala na homa siku yake haikuhesabiwa. Alipoamka aliendelea pale alipoachia. Mfuatano haukumhurumia mtu, wala haukumchukia. Tena yako maji ya mfereji. Mahali ambapo mashamba mengi hunywa mfereji mmoja, watu hugawana siku: leo wewe, kesho mimi, keshokutwa yule. Mwenye zamu ya mwisho hangojei kwa uchungu mwingi, kwa kuwa aijua siku yake, na kwa kuwa zamu huzunguka ikarudi.

Nadhani hiyo ndiyo siri ya zamu. Ni haki kwa sababu inarudi. Mtoto aliyefuta ubao Jumatatu atapumzika mpaka wenzake wote wamefuta. Lakini kitu kisichorudi hakigawanyiki kwa zamu. Nafasi ya chuo, dawa iliyo haba, kitanda cha bweni kwa mwaka mzima, hivi mtu akivikosa amevikosa. Hapo anayeanza amepata, na anayefuata amekosa, na swali lote huwa ni hili: nani kamweka yule awe wa kwanza? Sisi walimu tuna daftari la majina lililopangwa kwa alifabeti, nasi hulisoma kana kwamba limeshushwa kutoka juu. Wakina Abdala na Amina hupata vitabu vipya. Wakina Zawadi na Zuhura hupata vilivyochanika jalada. Nimefundisha miaka kumi na miwili, wala sikumbuki kulisoma daftari langu kutoka chini kwenda juu zaidi ya mara tatu. Na tukisema, Atakayefika kwanza ndiye atakayepata, tumempa yule ambaye nyumba yao iko karibu na kengele.

Zamu ina kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo waliiona madaktari. Zamani walipotaka kujua kama dawa mpya yafaa, waliwagawa wagonjwa kwa kupokezana: wa kwanza apewe, wa pili asipewe, wa tatu apewe. Ni mfuatano safi kabisa. Lakini daktari amwonaye mgonjwa akiingia mlangoni, naye ajua ya kuwa zamu hii ni ya kutopewa, moyo wake humsukuma. Akimhurumia atamwambia, Njoo kesho. Akiona yu mahututi, atamtafutia sababu asiingie katika hesabu. Hivyo makundi mawili huacha kufanana, na hakuna tena ajuaye kama waliopona wamepona kwa dawa ama kwa kuwa walichaguliwa wenye nguvu. Kinachojulikana mbele chaweza kupindwa, hata na mtu mwema. Na pengine mtu mwema hukipinda kuliko mbaya.

Kwa ajili hiyo, katika Uingereza, Baraza la Utafiti wa Tiba lilipoijaribu streptomycin juu ya kifua kikuu, kuanzia mwaka 1946 mpaka 1948, Bwana Austin Bradford Hill aliacha kupokezana akatumia namba za nasibu. Namba zilifungwa ndani ya bahasha, wala bahasha haikufunguliwa mpaka mgonjwa amekwisha kukubaliwa. Wagonjwa walikuwa 107. Kura iliwapa dawa 55, na 52 wakapewa kupumzika kitandani tu, ndiyo matunzo ya siku zile. Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4; katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Msomaji atashtuka, kama nilivyoshtuka mimi. Lakini na akumbuke ya kuwa dawa yenyewe ilikuwa haba sana katika nchi ile, haikuweza kuwatosha wagonjwa wote hata kama wangalitaka kuwapa.

Jambo hili si la ng'ambo tu. Korogwe, mji ulio jirani yetu kwa upande wa Tanga, ulikuwa mmojawapo wa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kazi ilianza mwaka 2009 ikaisha mwaka 2014, na watoto walioandikwa katika vituo vyote walikuwa 15,459. Kila mtoto aliingia katika mojawapo ya makundi matatu kwa namba ya nasibu iliyotolewa na kompyuta. Kundi moja lilipewa chanjo mara tatu na nyongeza ya nne. La pili lilipewa mara tatu bila nyongeza hiyo. La tatu halikupewa chanjo ya malaria, ila chanjo nyingine yenye faida yake. Watoto wakubwa kidogo wa kundi hilo la tatu walipewa ya kichaa cha mbwa, na wachanga walipewa ya uti wa mgongo. Mama hakuambiwa mtoto wake yu kundi gani.

Je, ni haki mama wa Kisambaa ambebe mtoto mgongoni, ashuke naye mlimani, kisha mashine isiyomjua impangie? Nimeligeuza swali hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba hapo ilikuwa haki, kwa sababu moja: hapakuwa na mtu aliyejua. Kama wakubwa wangalijua kwa hakika ya kuwa chanjo yafaa, kumnyima mtoto mmoja kwa kura kungalikuwa ukatili. Lakini hawakujua. Mwisho ilionekana ya kuwa, kwa muda wa kadiri ya miaka minne, chanjo pamoja na nyongeza ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hata 17; bila nyongeza, asilimia 28. Kwa wachanga zaidi ilipungua, asilimia 26 na 18. Tena katika waliochanjwa ugonjwa wa uti wa mgongo ulionekana mara nyingi zaidi, jambo lililoleta mashaka. Ikabidi lichunguzwe upya katika Ghana, Kenya na Malawi tangu mwaka 2019, na huko halikuthibitika. Ndipo mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo. Basi siku ile ya kura pale Korogwe nani angesema kwa hakika mtoto gani ana bahati? Kura ilikuwa ungamo la kweli la kutojua.

Hapa ndipo kura inapoachana na ramli, ingawa watu huzichanganya. Apigaye ramli adai ya kuwa vitu vyake vyajua jambo lililofichika. Apigaye kura kwa haki hadai kitu. Asema tu, Sisi hatujui, wala hatuna sababu ya kumtanguliza huyu kuliko yule.

Lakini kura nayo sharti ichanganywe sawasawa, na hilo si jepesi kama lionekanavyo. Tarehe 1 Desemba mwaka 1969, katika Marekani, vijana walichaguliwa kwa kura waende vitani Vietnam. Siku zote 366 za mwaka ziliandikwa, zikatiwa katika vibweta vidogo, kimoja kwa kila siku, kisha vikatolewa kimoja kimoja katika chombo cha kioo. Kijana ambaye siku yake ya kuzaliwa ilitoka mapema aliitwa mapema. Vibweta vilitiwa mwezi kwa mwezi, Januari kwanza, Desemba mwisho, wala havikukorogwa vya kutosha. Vya Desemba vikakaa juu. Namba ya mwisho kuitwa jeshini ilikuwa 195, na katika siku 31 za Desemba, siku 26 ziliangukia katika namba zilizoitwa. Watu wazima walisimama mbele ya nchi nzima wakatoa kura kwa mikono yao, hapana aliyekusudia hila. Lakini mvivu wa kukoroga amemwonea aliyezaliwa Desemba.

Na kompyuta je? Huyo hachoki kukoroga, lakini ana shida yake. Kompyuta haina nasibu ndani yake. Ni mtumishi anayetii amri tu. Hutengeneza namba kwa hesabu, na hesabu huanza na namba moja iitwayo mbegu. Ukiipa jot mbegu ile ile leo na kesho, itakutolea namba zile zile, kwa mpangilio ule ule. Bwana John von Neumann, mmoja wa wakuu wa elimu ya kompyuta, aliandika mwaka 1951, kwa mzaha, ya kuwa mtu atafutaye namba za nasibu kwa njia ya hesabu yuko katika hali ya dhambi. Wenye elimu hiyo wameipunguza dhambi kwa kuifanya mashine iokote mbegu nje ya hesabu, katika mambo madogo yasiyotabirika, kama ile nukta ya wakati ambayo kidole hugusa kibonye. Kwa shule inatosha sana.

Hatari iliyobaki haimo katika mashine. Imo katika kiti kilicho mbele yake. Amri ya kura yaweza kurudiwa mara mia kwa dakika moja. Mtu aliye peke yake chumbani aweza kuibonyeza mpaka atoke mpwa wake, kisha aichapishe orodha hiyo ya mwisho, aibandike ukutani, aseme, Kompyuta imechagua. Wala hatakuwa amesema uongo.

Mimi sikufanya hivyo. Kosa langu lilikuwa la namna nyingine, na sasa nitalisema. Katika shule niliyofundisha kwanza, bondeni huku huku, tulipata bweni la vitanda 16. Wasichana waliokitaka kitanda walikuwa 47. Tulikubaliana kura ipigwe hadharani. Nikawaita wazazi, nikawapa wasichana namba kwa seq, kila mmoja akaiona yake, mwanga wa mashine ukaangaza ukutani, nikaandika amri ya shuf mara moja tu mbele ya wote. Namba 16 zikatoka. Watu wakapiga makofi, na mjumbe mmoja wa kamati akasema ya kuwa hajapata kuona ugawaji usio na manung'uniko namna ile. Nikajiona mtu wa haki.

Walipokwisha kutawanyika alibaki bibi mmoja, mama wa baba wa msichana wa namba 31. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ile mashine imepata kupanda kwetu?" Nikasema, "Hapana, bibi." Akasema, "Na wewe je?"

Mimi nilikuwa nimepanda. Nilikwenda kwao mwaka uliotangulia kwa habari ya utoro. Nilitembea saa mbili na nusu, nikavuka korongo ambalo wakati wa masika halivukiki, na kurudi nilishikwa na giza njiani. Nilijua ya kuwa mtoto yule huondoka nyumbani kabla ya kupambazuka. Nilijua pia ya kuwa katika wale 16 waliotoka, wanne walikuwa wakikaa mahali ambapo kengele ya shule husikika. Sababu za kumtanguliza huyu kuliko yule zilikuwapo, nami nilizijua zote. Ila kuzisema kungalinipasa nimwambie mjumbe wa kamati, Binti yako hahitaji, na mwenye duka anayetukopesha unga nimwambie hivyo hivyo. Basi nikaikimbilia mashine. Watu wa Korogwe walipiga kura kwa kuwa hawakujua. Mimi nilipiga kura ili nisionekane kuwa najua. Amri ni ile ile, na namba hutoka vile vile.

Baadaye, nikisoma Matendo ya Mitume sura ya kwanza, niliona jambo nililolipita mara nyingi tangu nilipokuwa mwanafunzi. Walipotaka mtu wa kushika mahali pa Yuda, walikuwa wamekusanyika watu kama 120. Hawakupiga kura juu ya wote 120. Kwanza walieleza mtu afaaye ni wa namna gani, kwamba awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana. Kisha wakawatoa wawili waliotimiza neno hilo, Yusufu aitwaye Barsaba, na Mathiya. Ndipo wakawapigia kura wawili hao. Maarifa yao waliyatumia mpaka yakaisha.

Tulijaribu kuirudisha kura ile, tukashindwa. Wazazi waliopata walisema, nao walikuwa na neno la kweli, ya kuwa wote walikubali kabla ya amri kuandikwa, na kwamba kura inayotanguliwa kila anayekosa akilia si kura. Mwenye duka alimtoa binti yake kwa hiari, jambo ambalo sikulitazamia kwake, na kitanda kile kikaenda kwa yatima wa mbali zaidi. Mtoto wa namba 31 aliendelea kushuka na kupanda mpaka masika. Halafu akakaa kwa shangazi yake Mombo, asome huko. Na nilipouliza mwaka uliofuata, nikaambiwa hasomi, auza maandazi stendi.

Mwaka wa pili tulifanya vingine. Tulikaa na wazazi siku mbili nzima, kwa kelele nyingi, tukakubaliana ya kuwa anayetembea zaidi ya saa moja na nusu, au anayevuka korongo, atapewa kitanda bila kura. Hao walikuwa 9. Vitanda 7 vilivyobaki tukavipigia kura kwa wengine wote, hadharani, mara moja. Manung'uniko yalikuwa mengi kuliko mwaka wa kwanza. Baba mmoja aliuliza, naye hakuuliza kwa ubishi, Mbona mmepima miguu tu? Binti yangu anakaa karibu, lakini nyumba ina watu kumi na mmoja, taa moja, na baba mlevi ambaye ndiye mimi. Je, hilo halipimwi? Watu walicheka, lakini yeye hakucheka.

Sikuwa na jibu siku ile, wala sijalipata tangu nilipohamia hapa Mazinde, ambapo mwezi ujao nitaketi tena na kamati juu ya vitanda. Saa za kutembea zaweza kupimwa, nasi twaweza kuzitia katika orodha; ulevi wa baba utatiwaje, na nani atakayekwenda nyumba kwa nyumba kuuandika? Kama yuko mwalimu ambaye shule yake imepata njia ya kupima mambo hayo bila kuwaaibisha watoto, namsihi aiandike katika kurasa hizi kabla ya siku ya kikao.